Sahani ya Mama

"Shoga, usile peke yako. Tuambie na sisi," alisema mwalimu, kichwa kimeinama mbele na nusu yake imekwisha kusukwa. "Mwaka jana ulikuwa hupiti kwenye mlango huu mpaka ugeuke upande. Leo unapita na beseni mikononi. Umefanya nini?"

Msusi alichomoa fungu la nywele za bandia, akaligawa mara tatu kwa kidole cha mwisho, akavuta. Vidole vyake havikosei hata akili ikiwa mbali. Swali hilo aliulizwa na kila aliyekalia kigoda chake, na jibu alikuwa nalo tayari, limelainika kwa kutumiwa.

"Nimefunga mdomo tu," alisema. "Hakuna dawa wala nini. Asubuhi maji ya moto, mchana vijiko vichache, jioni ukilala na njaa hufi. Ni kutia nia."

"Na kweli. Maana wengine siku hizi hawataki tabu. Yule mke wa mwenye duka la mabati si alikwenda kukatwa tumbo? Mtu anashindwa kufunga mdomo wake mwenyewe mpaka atafutiwe kisu. Uvivu huo, hauna jina jingine."

Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Msusi naye akacheka. Mungu amsamehe, alicheka kuliko wote.

Maana tumbo lake mwenyewe lilikuwa limekatwa. Sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ilitolewa, kikabaki kijifuko chembamba cha ukubwa wa ndizi, kikashonwa, na yale makovu madogo chini ya gauni yalijulikana na yeye, mumewe na waliomshona tu. Majirani waliambiwa amekwenda kutolewa uvimbe wa kizazi, ugonjwa ambao hauna wa kuucheka. Binti yao wa pekee aliambiwa hivyo hivyo. Mtoto hatunzi siri, walisema wazazi, na wakaridhika kwamba wamefanya jambo la busara.

Binti huyo ndiye aliyekuwa akifagia nywele zilizoanguka sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na sita na mwili wa mama yake wa zamani. Bonge na Kibonge, ndivyo mtaa ulivyowaita, na wote wawili waliitika, kwa kuwa kukasirika kila siku nako kunachosha. Sasa Bonge alikuwa amepungua, akabaki Kibonge peke yake kubeba jina la ukoo. Alisimama karibu na mlango wa ndani amekumbatia ufagio, anasikiliza.

"Umesikia?" mwalimu alimwambia, kwani darasani alikuwa mwanafunzi wake. "Mwenye kukufundisha hili unalala naye nyumba moja. Huna kisingizio."

"Nani, huyu?" alisema msusi. Alikuwa bado kwenye utamu wa kusifiwa, na mtu akisifiwa ulimi hauna breki. "Huyu hana moyo wa kujinyima. Namwambia kila siku, mbona mimi nimeweza?"

Benchi likacheka tena. Binti naye akatabasamu, tabasamu la mtoto mnene aliyezoea kuwahi kucheka kabla hajachekwa, akaingia ndani na ufagio wake. Mama hakumwangalia. Alikuwa ameshikilia msuko, na msuko ukiuachia katikati unalegea.

* * *

Tangu siku hiyo binti alianza kungoja mama yake apakue kwanza. Zamani alikuwa wa kwanza kufunua sufuria. Sasa alikaa, mikono juu ya mapaja, macho kwenye sahani ya mama, na mama akishamaliza kupakua naye alijipakulia kiasi kile kile, kijiko kwa kijiko.

Mama aliliona hilo, tusimsingizie upofu. Aliliona akafurahi. Alijua maisha ya msichana mnene yalivyo: sare ya shule inayoshonwa upya kila muhula, dereva anayetaka akae viti viwili alipe viwili, wanaume wazima wanaomhesabia hatua akipita. Kama mtoto ameamua kuyakimbia mapema, nani amzuie?

"Angalau huyu hatahitaji kisu," alisema baba mtu walipokuwa wawili tu. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mwenye kuamini kwamba kila kitu kina waya mmoja uliolegea na ukiukaza mambo yanaenda. "Ameanza mwenyewe. Muache."

Wakamuacha.

Kile ambacho binti hakukijua ni kwamba sahani ile haikuwa ya nia. Ilikuwa ya kipimo. Msusi alikuwa hawezi. Vijiko vichache vikishaingia, kifua kilikaza kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, mate yakajaa mdomoni, na akikosea akaongeza kimoja tu, basi ilikuwa mbio hadi chooni. Huko alifungulia bomba ili maji yafunike sauti. Sukari ilimtoa jasho na kumtetemesha. Maji alikunywa kwa mafunda madogo madogo kama kuku. Vidonge vya vitamini alivificha ndani ya kopo la mafuta ya nywele, na vidonge hivyo aliambiwa ni vya maisha. Nywele zake zilimtoka kwa mafungu, msusi mzima, akawa anafunga kilemba asubuhi hadi kulala, na wateja wakakisifu kilemba wakidhani ni mtindo mpya.

Na bado aliitwa mtu aliyepungua kwa kufunga mdomo. Kuna siku alitamani kumwambia mtu mmoja tu kwamba anaumia. Lakini angeanzia wapi, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote?

* * *

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa alimkalisha binti chini, katikati ya magoti yake, amsuke mistari ya shule. Akatia chanuo, akavuta taratibu kuanzia nchani kama inavyotakiwa. Chanuo likatoka na fungu la nywele.

Akavuta upande mwingine. Likaja fungu jingine, jepesi, halina uhai, na kila unywele umetoka na mzizi wake mweupe. Nywele iliyokatika kwa kuvutwa anaijua. Iliyoungua kwa dawa anaijua. Hii pia aliijua, kwa sababu alikuwa akiiokota juu ya mto wake kila asubuhi.

"Shuleni huwa unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Kama wewe, mama." Binti aliigeuza shingo yake, na mama akaona jinsi mifupa ya bega ilivyochomoza chini ya kanga aliyojifunga. "Mchana sichukui chakula. Jioni nakula kama wewe. Umeona sketi ilivyonipwaya?"

Alisema hivyo kwa furaha, mtoto wa watu. Alikuwa akingoja asifiwe.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama alifungua mdomo. Na mlangoni akaingia wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akasimama akiwatazama mama na mwana.

"Haya maajabu," alisema wifi. "Kibonge kaenda wapi? Wifi, mtoto kachukua moyo wako. Kaka yangu alioa mwanamke wa chuma. Mimi hapa nikiamua asubuhi kutokula, saa nne nimeshasahau niliamua nini."

Binti akainua uso unaong'aa. Msusi akaufunga mdomo wake, akazifinyanga zile nywele ndani ya kiganja, akazitia mfukoni. Aliogopa. Wifi hakuwa wa kuogopwa. Ni lile benchi alilokuwa akiliona, siku watakapoambiana, na kile kicheko. Akajiambia atasema jioni. Jioni mume alirudi, akaipima sketi ya binti, akapiga makofi, akasema msichana huyu ameshinda mitihani yote. Akajiambia atasema kesho.

* * *

Ya kesho yake aliyasema mwalimu. Alikuja mbio, viatu mkononi: mtoto ameanguka mstarini wakati wa kuimba, wamemmwagia maji hakuzinduka upesi, wamempakia gari la mzazi mmoja wakampeleka hospitali. Msusi alimuacha mteja na nusu kichwa, akatoka kama alivyo, na kitana kikiwa bado kimechomekwa kwenye kilemba.

Daktari alikuwa kijana aliyechoka. Binti amelala kitandani na mpira wa dripu mkononi, na bila sare pana ya shule alionekana kama mtu mwingine, mtu aliyelazwa pale kwa makosa. Baba amesimama miguuni. Mwalimu amesimama mlangoni na mkoba wa mtoto.

"Huyu ana muda gani bila kula?" aliuliza daktari.

"Anakula, daktari," alisema baba. "Anapunguza tu. Si unajua wasichana."

Daktari akamgeukia binti. "Jana ulikula nini?"

"Alichokula mama."

"Na mama alikula nini?"

"Wali vijiko vitatu, na nusu yai."

"Ukila zaidi ya hapo?"

"Nikizidisha nakwenda kutapika," alisema binti, bila kuficha, kama anayesoma somo alilolihifadhi vizuri. "Mama naye hufanya hivyo. Hufungulia bomba."

Baba alikitazama kitanda. Daktari alimtazama msusi polepole, kuanzia kilemba, mashavu, ngozi iliyolegea chini ya mikono, na msusi akaona kwamba mtu huyu ameshajua na anamngoja yeye mwenyewe aseme.

"Mimi nimekatwa tumbo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini chumba kilikuwa kidogo zaidi. "Si uvimbe. Nilikatwa tumbo ili nipungue. Siwezi kula. Sio kwamba sitaki, siwezi."

Pale mlangoni mwalimu aliuhamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Sasa sikilizeni," alisema daktari, na hakugomba, na afadhali angegomba. "Tumbo la mama lina nafasi ndogo, na anakunywa virutubisho, na anapimwa damu. La mtoto ni zima, na bado anakua. Amelilisha tumbo zima chakula cha tumbo lililokatwa, na hata hicho akakirudisha. Mwili ukikosa unajila wenyewe. Ukimaliza mafuta hauchagui, na moyo nao ni nyama."

Wakamlaza. Siku ya kuruhusiwa daktari aliwaita wazazi pembeni. Msimgombeze, alisema, msimlazimishe. Kaeni naye mezani, mle naye, aone watu wanakula. Aongeze kidogo kidogo. Akishuka tena mrudisheni upesi, na sitawaficha: safari ya pili moyo wake huenda ukakataa.

* * *

Wateja hawakupungua saluni. Waliongezeka. Walikuja hata wenye misuko ya juzi, wakakaa kwenye benchi kimya, na msusi akiinama kuchukua kitana alihisi macho yao yote yakimshuka tumboni. Hakuna aliyecheka. Mke wa mwenye duka la mabati naye alikuja, akasukwa mistari miwili mitatu isiyo na haja, akalipa, na wakati wa kuondoka akamwambia polepole, "Siku ile nilipita hapa nje. Niliwasikia mkinicheka." Hakungoja jibu.

Yote hayo msusi angeyabeba. Angevaa aibu kama alivyovaa kilemba, akafanya kazi. Kilichomshinda kilikuwa ndani.

Alikaa na binti kitandani, akamwambia kila kitu. Hakubakiza. Alimwambia kuhusu kabichi za kuchemsha, ndimu, kulala njaa, kukimbia alfajiri kabla watu hawajaamka wakamwona. Miaka yote ile, alisema, nilitia nia mpaka nia ikaisha. Nilikuwa nikipungua kidogo, nikirudi narudi na zaidi. Ndipo nikakubali kisu. Na kisu si njia ya mkato, mwanangu, usisikilize watu. Sijawahi kula nikafurahi tangu siku ile. Nakula nikiogopa.

Binti alisikiliza hadi mwisho, vidole vikichezea uzi wa shuka.

"Kwa hiyo wewe hukuweza," alisema.

"Sikuweza."

"Lakini mimi nimeweza." Na akatabasamu, na safari hii hakuwa anawahi kicheko cha mtu. "Bila kisu. Bila vidonge. Kwa mdomo wangu tu, kama ulivyokuwa unasema. Halafu sasa ndio mnataka niache?"

Mama aliushika mkono wa mtoto. Atamwambia kufunga mdomo si ushujaa? Ni yeye aliyeuhubiri ushujaa huo mwaka mzima, kila mteja shahidi. Atamwambia kisu nacho ni kazi? Mtoto alikwishafundishwa kwamba kisu ni uvivu, na kati ya waliomfundisha hakuna wa kuja kulifuta somo hilo. Akabaki ameshika mkono ule, ambao ulikuwa wa baridi.

Baba alijaribu. Alimletea mayai, akamletea maziwa, akamkemea, akamwomba, akalia mbele yake, mwanamume mzima, akisema kula, mwanangu, nitakupa chochote. Binti alimwambia kwa upole, "Baba, wewe hujawahi kuitwa Bonge." Baba akatoka akaenda kukaa karakana, katikati ya majokofu ya watu, na hakuna waya alioushika.

Wifi alikuja, safari hii kwa sauti ya chini. "Wifi, sikulaumu," alisema, na alikuwa anamlaumu. "Mliona aibu ya tumbo. Aibu ya kaburi mtaifichia wapi?"

* * *

Siku ya tatu bila kula cha maana, binti alitoka chumbani akishika ukuta, akakaa mezani mchana kweupe. Mama alikuwa amepika wali na maharage. Akashtuka kwa furaha, akafuata sahani.

"Pakua mbili," alisema binti. "Daktari amesema tule pamoja. Basi tule sawa. Nitakula utakachokula, sahani hii na hii, zilingane."

"Mwanangu, unajua mimi siwezi."

"Najua." Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayedai haki yake dukani. "Ukila na mimi nakula. Ukiacha naacha."

Baba, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mke wangu, utajiua."

Msusi alipakua. Sahani hazikuwa kubwa, mtoto wa darasa la kwanza angezimaliza akaomba nyingine. Akakaa. Akala kijiko cha kwanza, akakitafuna mpaka kikawa maji. Binti akala. Cha pili, binti akala. Cha tatu, binti akala, na shavu lake likatembea, koo likashuka, na mama akaliangalia lile koo kama mtu anayeangalia mlango wa chumba cha upasuaji.

Cha nne kilifika kwenye kizingiti kikakaa. Alinyoosha mgongo. Akala cha tano. Binti akala cha tano. Wiki nyingi hakuwa amekula vijiko vitano mfululizo, na sasa akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono kama alivyofanya alipokuwa mdogo, akangoja. Baba alikaribia meza bila kutoa sauti.

"Kizuri," alisema binti, akishangaa mwenyewe. "Umetia chumvi vizuri."

Mama aliitikia kwa kichwa. Maumivu yalikuwa yamepanda kutoka chini ya kifua hadi kwenye mabega, na mate yalimjaa mdomoni, mazito. Akayameza. Akala cha sita, binti akala, cha saba, binti akala. Jasho lilimtiririka chini ya kilemba hadi shingoni. Zilibaki nusu sahani mbili. Aliwaza, kama ni kupasuka nipasuke, mradi amalize. Aliomba, yeye ambaye tangu apasuliwe aliona haya kumwomba Mungu jambo lolote kuhusu tumbo. Akainua cha nane. Punje za wali zikadondoka, akazikusanya kwa kidole akazirudisha kijikoni ili sahani zisidanganyane. Akakitia mdomoni.

Binti alikuwa amekwishainua cha kwake.

Mama aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini haikusaidia. Kilipita katikati ya vidole, kikaanguka mezani, juu ya sahani, juu ya mapaja, na kila alipodhani kimekwisha kilikuja kingine, mpaka akabaki ameinama, anakohoa maji matupu, na mumewe amemshika mabega.

Alipoinua uso, binti alikuwa ameweka kijiko chini. Hakuwa na hasira. Alisimama, akaja kwa kushika kiti kimoja hadi kingine, akachukua kitambaa, akampangusa mama yake midomo, kidevu, na mikono, kidole kimoja kimoja, kwa subira kubwa.

"Basi, mama," alisema. "Usijitese. Mimi sijakasirika."

Na usoni mwake, msusi aliona kwa macho yake, mlikuwa na nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Binti akazikusanya sahani mbili, akamwaga ya kwake kwanza.